Risasi Haina Miguu: Maneno ya Bastola ya Mfukoni katika Kiswahili cha Bukavu

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa Kadutu, tulikuwa tumekaa matangani. Mgeni mmoja aliingia, akainama kuwapa pole wazee, na bastola ndogo aliyokuwa nayo katika mfuko wa koti ikalia. Risasi ilipita katika mguu wa binti mdogo aliyekuwa akiwagawia watu maji ya kunawa. Binti huyo alipona, ingawa hadi leo huchechemea. Baada ya siku chache familia mbili zilikutana ili zipatane. Msemaji wa upande wa mgeni alisimama, akasema kwa unyenyekevu: “Bazazi, masasi ilitoka tu yenyewe.” Mama wa binti, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, alimjibu: “Baba, masasi haina miguu. Ni kidole ya nani ilifinya?”

Swali hilo la mama ndilo lililozaa makala haya. Halikuwa swali la sheria tu, bali pia la sarufi. Msemaji alichagua kitenzi kisicho na mtenda. Mama akadai kitenzi chenye mtenda. Makala haya yanakusudia kueleza maneno ambayo Kiswahili, hasa kile kinachosemwa Bukavu, hutumia kuhusu silaha ndogo ya mfukoni: jinsi inavyoitwa, inavyobebwa, na jinsi mtu anavyojifunza kuilenga na kuifyatua. Tutajaribu kuonyesha kwamba katika jambo hili uteuzi wa neno si pambo. Neno laweza kumweka mtu mbele ya silaha yake, au kumficha nyuma yake.

2. Jina la kitu

Kiswahili hakikukutana na bunduki njiani. Kilisafiri pamoja nayo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani na Unyamwezi kuja upande huu wa Tanganyika ilileta lugha na silaha katika mzigo mmoja. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara maarufu wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1905, anajulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, na yeye mwenyewe alieleza kwamba jina hilo ni mwigo wa mlio wa bunduki zake. Hivyo mmoja wa watu waliokieneza Kiswahili katika Kongo ya mashariki aliitwa kwa tanakali ya sauti ya risasi.

Maneno ya msingi ni ya asili ya Kiarabu. Bunduki, baruti, silaha na risasi yote yalipitia bandarini. Risasi kwa asili ni madini ya lead, yaani metali laini iliyoyeyushwa na kumiminwa kuwa vigololi. Neno hili lilipofika bara lilipata maisha mapya. Wasemaji wa lugha za Kibantu walisikia silabi ya kwanza kama kiambishi cha ngeli, wakaunda umoja lisasi na wingi masasi. Ndivyo isemavyo Lingala hadi leo, na Kinyarwanda kina isasu na amasasu. Bukavu, mahali ambapo Kiswahili huishi jirani na lugha hizo mbili, masasi husemwa hata kwa risasi moja: masasi moja, masasi ilitoka. Wingi umemeza umoja. Jambo hili, ambalo ni la kawaida katika mageuko ya lugha, lina matokeo yake: anayesikia “masasi” bila tarakimu hajui kama mlio ulikuwa mmoja au kumi.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliopiga marufuku, isipokuwa kwa masharti, kuingiza bunduki za kisasa katika ukanda wa Afrika ulio kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Bukavu, iliyo karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, imo ndani ya ukanda huo. Bunduki za kizamani zenye jiwe la kutoa cheche zilipata nafasi katika masharti hayo. Kiswahili kiliziita gumegume, kwa jina la jiwe lenyewe. Leo, katika Kiswahili cha Tanzania, mwanamume gumegume ni yule asiyefaa kitu. Silaha ilipitwa na wakati, dharau ikabaki.

Silaha ya mfukoni, kinyume chake, ilikuwa alama ya mkoloni. Kabla ya uhuru, wakati mji wetu ukiitwa Costermansville, watawala walitoka katika nchi ambayo ilikuwa mojawapo ya viwanda vikuu vya silaha hizi duniani. Liège ilitengeneza rivolva za ndugu Nagant na nakala nyingi za rivolva fupi za Kiingereza zilizoitwa Bulldog. Huko Herstal, jirani na Liège, kiwanda cha FN kilitengeneza bastola za Mmarekani John Browning. Ile ya mwaka 1906, yenye risasi za milimita 6.35, ilienea katika kiganja cha mkono. Ilizagaa kiasi kwamba katika Kifaransa cha enzi hizo “browning” lilikuwa jina la kawaida la bastola yoyote ya mfukoni. Ufaransa nayo ilikuwa na rivolva ndogo iliyoitwa Vélo-dog, iliyokusudiwa waendesha baiskeli waliosumbuliwa na mbwa.

Kiswahili cha pwani kina neno bastola. Chanzo chake ni pistola ya lugha za Ulaya ya kusini, na ile p iliyogeuka b inaelekeza kwenye ulimi wa Kiarabu, kwa kuwa Kiarabu hakina sauti p. Bukavu ilipokea neno hilohilo kwa mlango mwingine: pistolet ya Kifaransa ikawa pistole. Bastola na pistole ni ndugu wawili waliopotezana utotoni na kukutana wakiwa watu wazima. Lakini pistole ya Bukavu hujumlisha kila silaha ya mkono mmoja, iwe rivolva au bastola yenye chemba ya risasi katika mpini. Tutaona kwamba kutozitenganisha hizi mbili kwaweza kugharimu maisha.

Kuna pia jina la tatu, lisilopatikana katika kamusi sanifu: kabunduki, wingi wake tubunduki. Kiambishi ka- cha udogo ni hai sana katika Kiswahili chetu, nacho hubeba hisia pamoja na kipimo. Katoto ni mtoto mdogo na pia mtoto mpendwa. Kanyumba ni nyumba ndogo isiyotisha. Anayesema “niko na kabunduki” huipunguza silaha hadi iwe kitu cha kuchezea. Mikataba ya kimataifa, kama Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, husema “silaha ndogo na nyepesi”, na rivolva imo katika kundi hilo. Hata hivyo, udogo unaotajwa humo ni wa kubebeka na mtu mmoja. Si udogo wa jeraha.

3. Kubeba, kuchomeka, kufutika

Mtu hufanya nini na bastola kabla ya kuipiga? Bukavu tunasema kwa kawaida anaibeba, au kwa ufupi ana pistole. Kubeba ni kitenzi cha mzigo: mama wa Kadutu hubeba gunia la mihogo, mjenzi hubeba matofali. Mzigo huonekana. Bastola ya mfukoni haionekani, na Kiswahili kina vitenzi vinavyolijua jambo hilo.

Kitenzi cha kwanza ni kuchomeka, yaani kukitia kitu mahali penye kubana ili kisimame: mtu huchomeka kisu kiunoni. Mpini hubaki nje, na anayepita huuona. Kitenzi cha pili, ambacho wanafunzi wetu wengi hawakijui, ni kufutika. Kufutika ni kukisunda kitu ndani ya nguo, kiunoni au mfukoni, kisionekane. Mzee wa pwani aliyevaa jambia kiunoni alilionyesha. Aliyefutika alikusudia kuficha. Kwa hiyo “alichomeka bastola” na “alifutika bastola” si sentensi mbili za maana moja. Katika ya kwanza watu waliomzunguka walikuwa na onyo. Katika ya pili walinyimwa onyo hilo. Kule matangani, mgeni alikuwa amefutika, na hakuna mama ambaye angemruhusu bintiye ampitie karibu kama angaliona.

Tofauti nyingine ni ya kisheria. Nchi yetu ingali na sheria ya silaha na risasi ya tarehe 3 Septemba 1985, iliyotungwa wakati wa Zaire, inayodai kibali kwa raia anayetaka kuwa na silaha ya moto. Kifaransa cha sheria hutenganisha kuwa na silaha katika milki yako na kutembea nayo. Kiswahili cha mitaani hujibu yote mawili kwa “iko na bunduki”. Shahidi akisema hivyo, mkalimani hana budi kumuuliza: nyumbani au mwilini? Kwa upande wetu tungependekeza kumiliki au kuhifadhi kwa ile ya kwanza, na kutembea na silaha kwa ile ya pili. Maneno haya yapo tayari, hayahitaji kubuniwa.

4. Kujifunza: kujaza, kulenga, kufyatua

Hebu sasa tuitazame rivolva kama mwanafunzi anayeonyeshwa kwa mara ya kwanza. Ina mpini wa kushikia, mtutu mfupi unaopitisha risasi, nyundo kwa nyuma, na kifyatulio ambacho kidole cha shahada hukivuta. Katikati kuna silinda yenye vyumba vitano au sita, kila chumba kikiwa na risasi yake. Katika rivolva nyingi za mfukoni, kidole kikivuta kifyatulio, silinda huzunguka hatua moja, nyundo hurudi nyuma, kisha huanguka na kugonga kitako cha risasi iliyo mbele yake. Baruti huwaka, gesi husukuma, risasi hutoka. Hakuna hata hatua moja katika mfululizo huu inayojianzisha yenyewe.

Kuhusu kujaza, Kiswahili cha zamani kilikuwa na vitenzi viwili. Kushindilia kulifaa bunduki iliyojazwa kwa mdomo, ambayo baruti yake ilisukumwa kwa ufito. Kushamiri kulimaanisha kutia risasi na baruti ndani ya bunduki. Leo twasema ujinga umeshamiri au biashara imeshamiri, na wachache hukumbuka kwamba neno hili liliwahi kutoka katika mtutu. Bukavu tumechukua chargeur ya Kifaransa, tukapata sharjere: ile chemba ya chuma inayotiwa risasi na kuingizwa katika mpini wa bastola. Sharjere hiyohiyo ni kifaa cha kutia umeme simu. Mtu huazima sharjere kwa jirani bila kutetemeka.

Hapa ndipo rivolva na bastola zinapoachana. Rivolva haina sharjere; risasi zake zimo katika silinda, na ili kujua kama iko tupu sharti silinda ifunguliwe na kila chumba kikaguliwe. Bastola ya kisasa ina sharjere, lakini huweza kubakiza risasi moja ndani ya mtutu hata baada ya sharjere kutolewa. Kwa hiyo sentensi “nilitoa sharjere” haimaanishi “haina masasi”. Aliyefundishwa kwa neno moja, pistole, atakosea mara mbili: ataiona rivolva isiyo na sharjere na kudhani ni tupu, au atatoa sharjere ya bastola na kudhani amemaliza kazi. Mwalimu mwangalifu hasemi “hakikisha haina kitu”. Anasema: “Fungua, tazama, hesabu.”

Kulenga ni kuliweka jicho, silaha na shabaha katika mstari mmoja. Mtutu mfupi ndio unaoifanya rivolva ienee mfukoni, na ndio unaoifanya iwe ngumu kulenga, kwa kuwa kosa dogo la kiganja halionekani kwa macho. Tufanye hesabu: mkono ukipinda nyuzi moja tu, kwa umbali wa mita 10 risasi itakuwa imekosa kwa zaidi ya sentimita 17. Katika kilima cha Kadutu, kwenye nyumba zinazopakana ukuta kwa ukuta, sentimita 17 ni tofauti kati ya mlango wako na dirisha la jirani. Anayejifunza kwa siku moja hajifunzi kulenga. Anajifunza mlio tu.

Kanuni zinazofundishwa popote duniani ni chache, na zote zaweza kusemwa kwa Kiswahili chepesi. Ihesabu kila silaha kuwa imejaa. Usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu. Usiweke kidole kwenye kifyatulio kabla ya kulenga. Jua kilichoko nyuma ya shabaha yako. Msomaji ataona kwamba vitenzi vyote hapa vina mtenda, naye ni mmoja: wewe.

5. Kitenzi na kidole

Tufike sasa kwenye kiini. Mzizi -fyat- haukuzaliwa na bunduki. Mtego hufyatuka, matofali hufyatuliwa katika kalibu, upinde hufyatua mshale. Kiini chake ni kuachia ghafla kilichobanwa. Tazama maumbo haya:

(a) Alifyatua bastola.
(b) Bastola ilifyatuliwa.
(c) Bastola ilifyatuka.

Katika (a) mtenda ametajwa. Katika (b) hakutajwa, lakini yupo: twaweza kuongeza “na mgeni”, na sentensi ikasimama. Katika (c) hatuwezi. Hakuna asemaye “bastola ilifyatuka na mgeni”. Badala yake twaweza kuongeza “yenyewe”. Kiambishi -k- kimefuta nafasi ya mtenda katika sarufi. Hakikumfuta duniani. “Masasi ilitoka” ya msemaji wetu hufanya kazi ileile ya (c), na Kifaransa humsaidia kwa “le coup est parti”, kana kwamba mlio ulikuwa abiria aliyewahi basi.

Jamaa wa karibu wa sentensi hii ni masasi ya kupotea, tafsiri ya “balle perdue”. Mbuzi hupotea na mtoto hupotea, kwa sababu wana miguu. Risasi hufika pale mtutu ulipoelekezwa. Kinachopotea ni jina la aliyeielekeza.

Upande wa pili wa tatizo ni kiambishi ba-. Kiswahili cha Bukavu hutumia kwa nadra kauli ya kutendwa. Mahali ambapo lugha sanifu husema “alipigwa risasi”, sisi husema “balimupiga masasi”. Ba- hiyo mara nyingi haina idadi: maana yake ni kwamba amepigwa, na aliyempiga hatajwi. Lakini mashahidi wetu husema Kiswahili, na taarifa za mahakama huandikwa kwa Kifaransa. Mkalimani akiandika “ils”, mpigaji mmoja amegeuka kundi; na mtu aliyekuwa amesimama karibu aweza kujikuta ndani ya wingi huo. Akiandika “on”, ameheshimu alichosema shahidi. Herufi chache, kifungo cha miaka mingi.

Tena, “alimpiga risasi” na “alimfyatulia risasi” hazilingani. Ya kwanza hudai kwamba risasi ilifika mwilini. Ya pili hueleza upande ilikoelekezwa, na yaweza kufuatwa na “akamkosa”. Asiyejali kauli ya kutendea huwafanya aliyejeruhi na aliyekosa kuwa mtu mmoja.

Ndipo tunapoliona vema jibu la mama. Kufinya, kwa Kiswahili chetu, ni kubonyeza au kubana kwa vidole. Kitenzi hiki hakikubali kukaa bila mfinyaji. Mama hakwenda shule ya sarufi. Alichagua katika lugha yake kitenzi kisichoweza kumficha mtu.

Msomaji aweza kuuliza: je, kama kweli hakuna kidole? Rivolva kuukuu ikianguka juu ya nyundo yake huweza kulia. Ufunguo uliomo katika mfuko uleule waweza kukwama kwenye kifyatulio. Ni kweli. Lakini hata hapo kuna vitenzi vilivyotangulia: mtu aliijaza, mtu aliifutika bila mkoba wake, mtu aliingia nayo penye watoto. Mtenda hakukosekana, alitenda mapema.

6. Hitimisho

Bukavu imesikia milio mingi: mwaka 1996, mwaka 2004, na Februari 2025, wakati silaha zilizoachwa na askari waliokimbia ziliokotwa hata na watoto. Makala haya hayadai kwamba sarufi huzuia risasi. Yanadai jambo dogo zaidi. Mtoto anayeokota kitu kinachoitwa kabunduki, na anayesikia wakubwa wakisema masasi hutoka yenyewe, amefundishwa tayari, na amefundishwa vibaya.

Kwa walimu, tunapendekeza maneno bastola na rivolva yafundishwe kama vitu viwili, pamoja na kufutika, kuchomeka, kushamiri na kufyatua. Kwa wakalimani, tunaomba -fyatuka isigeuzwe kuwa -fyatua, wala -fyatua isigeuzwe kuwa -fyatuka, na ba- isipewe idadi ambayo shahidi hakuitoa. Si kazi ya mkalimani kumtafuta mwenye hatia, wala kumficha.

Turudi kwenye kikao. Hati ya kwanza, iliyoandikwa kwa Kifaransa, ilisema mlio uliondoka. Mama alikataa kuitia alama ya kidole. Wazee walishauriana hadi jioni, kisha ikaandikwa nyingine, kwa Kiswahili: mgeni alifutika mfukoni bastola yenye risasi, akaifyatua bila kukusudia, akamjeruhi mtoto, na anaomba radhi. Mgeni alisomewa, akanyamaza kitambo, akakubali. Maneno “bila kukusudia” yalikuwa ya huruma, na yalikuwa ya kweli. Lakini yaliwezekana tu baada ya kitenzi kupata mwenyewe.